Mzee Aliyechoka Kufa

Koko wangu alimjua jirani yetu kama muuaji kabla hajamjua kama jirani, na sidhani ni haki kumlaumu. Kila mchana baada ya kula huketi mbele ya televisheni na sinia la maharage ya kuchambua mapajani, akiangalia zile tamthilia za zamani za polisi wa Kiingereza, ambamo kila kijiji kina maua madirishani na kila wiki mtu anakutwa amekufa bustanini. Kiingereza cha Koko kinatosha kununua samaki na kugombana na dereva wa basi. Lakini kumtambua muuaji hakuhitaji lugha. "Ni huyu," husema mapema, vidole vikiendelea na maharage, "angalia vile anakunywa chai." Na huwa ni huyo.

Basi mzee mmoja akahamia ghorofa ya chini ya jengo letu huku Castle Vale, Birmingham, mahali palipokuwa uwanja wa ndege zamani, na upepo bado haujaambiwa kwamba ndege zimeondoka. Tulikutana naye ngazini akiwa amebeba sanduku la vitabu. Koko alikuwa mbele, mimi nyuma na gunia la mchele. Mzee akatusalimia kwa Kiingereza laini, kile cha watangazaji wa redio, akajibana ukutani atupishe. Koko hakupita. Alirudi kinyumenyume hadi akanikanyaga, tukashuka wote wawili, tukatoka nje kwenye mvua.

"Ule muzungu aliuaka bibi yake," akaniambia. "Alikuwa munganga wa meno. Alimuwekea sumu mu meno."

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wasomaji waliolelewa na Kiswahili cha Dar au Mombasa. Kwetu sisi watu wa Bukavu, bibi si mama wa mama. Bibi ni mke. Mama wa mama ni koko. Ukichanganya hayo mawili unaweza kujikuta umeoa mtu ambaye hamkupatana.

"Koko, ile ni filamu," nikasema.

"Walimufunga. Niliona na macho yangu, walimuvalisha pingu. Sasa nani amemufungula?"

Alitaka tumwite mchungaji. Polisi, alisema, walishafanya kazi yao vizuri. Aliyeharibu ni wa gereza.

Mimi nina miaka kumi na sita na sina haya. Mwalimu wangu wa hisabati ameliandika hilo kwenye ripoti kwa maneno ya adabu zaidi. Jioni ile nikashuka, nikagonga mlango wa mzee, akafungua akiwa na kijiko cha supu mkononi.

"Samahani," nikasema, "ni wewe uliyemuua mke wako?"

Akafikiri kidogo. "Yupi?"

Hapo ndipo nilipompenda.

Kumbe alikuwa mwigizaji, Mskoti, na maisha yake yote yalikuwa jukwaani na kwenye skrini. Wake aliokuwa amewaua hakuwakumbuka wote. Alikuwa ameua pia padri, kaka yake, na mwanamuziki wa kinanda. Na yeye mwenyewe alikuwa amekufa mara nyingi zaidi ya alizoua: kwa kisu, kwa farasi, kwa moyo, na safari moja kwa kuangukiwa na kabati. Nilipomweleza jinsi Koko alivyomgundua kwa namna ya kunywa chai, akaketi kwenye sanduku lake akacheka mpaka supu ikapoa. Alisema wahakiki wa magazeti walimwandikia mambo mengi, lakini hakuna aliyewahi kumpa sifa kubwa kama ya mtu kumkimbia kwenye ngazi.

Nikampelekea Koko habari hizo. Hakuridhika. "Kama ulikuwa mchezo," akasema, "juu ya nini alikuwa anafurahia vile?"

Ningekuwa na akili ya mtihani ningeachana nao hapo. Lakini wiki mbili hivi baadaye mzee mwenyewe alipanda kugonga kwetu, ameshika mswada wa mchezo. Alisikia, alisema, kwamba nyumba hii ina Kiswahili.

Mambo yalikuwa hivi. Kulikuwa na ukumbi mdogo mtaa wa Hockley, karakana ya zamani ambako watu walikuwa wakitengeneza vifungo na beji, na sasa mafundi wameondoka wameingia wasanii. Hapo palikuwa panaandaliwa mchezo kuhusu daktari mzee wa Kiskoti aliyefanya kazi Afrika maisha yake yote, akafukuzwa, na sasa amerudi huko. Mwishoni anafika kwenye mlango wa nesi mzee aliyefanya naye kazi, anabisha, halafu anatoa hotuba ndefu kwa Kiswahili mbele ya mlango uliofungwa. Mlango haufunguki. Anakufa kizingitini. Taa zinazimwa, watu wanakwenda kutafuta basi wakiwa na huzuni.

Hotuba ndiyo ilikuwa nafasi yake. Zilikuwa zimepita zama, alisema, tangu mtu ampe maneno mengi kiasi kile jukwaani. Lakini mwongozaji hakumwamini. Katika mazoezi mzee alikuwa anapotea katikati, maneno yanamtoka kichwani kama watu wanaotoka kwenye mkutano bila kuaga. Kwa hiyo mwongozaji alikuwa ametoa masharti: wakifika onyesho la majaribio na hotuba bado inayumba, inakatwa. Itaandikwa kwa Kiingereza ukutani kwa projekta, na mzee atasimama tu chini yake.

"Wakiikata," akaniambia, "nimebaki mzee anayebisha hodi na kufa. Hata mbwa aliyefunzwa anaweza." Alisema kwa kutabasamu, lakini kidole gumba chake kilikuwa kinasugua kifungo cha koti, kinasugua, hakiachi. Baadaye nikajua kidole kile. Kilikuwa kinasugua kila alipotafuta neno na neno halipo.

Nikakubali kumfundisha. Malipo yangu yalikuwa hadithi.

Tulikaa jikoni kwetu, kwa sababu kwake viti vilikuwa vimejaa vitabu. Siku ya kwanza nilitaka aingie vizuri kwa Koko, nikamwambia atumie salamu iliyo kwenye mswada. Aliyetafsiri mswada alikuwa mtu wa Dar, Kiswahili chake kimenyooka kama shati la shule siku ya kwanza. Mzee akasimama mlangoni mwa jikoni, akavuta pumzi ya jukwaani.

"Shikamoo, bibi."

Koko alikuwa anasonga bugali. Hakugeuka. "Nishike nini? Mikono iko na unga." Halafu kwangu: "Na ananiita bibi. Amemaliza wa kwake, sasa anatafuta mwingine?"

"Anasema nini?" mzee akaniuliza.

"Anasema karibu."

Haikuwa mbali sana na ukweli, maana alimsukumia kiti kwa mguu. Na baadaye, alipoona mzee anakula sombe bila kuuliza ni majani gani, akampa sahani ya pili. Waligombana tu kuhusu kusonga. Mzee alisema mama yake alikoroga uji wa shayiri kwa kuzungusha mwiko upande mmoja siku zote, ukizungusha upande mwingine unamwita shetani. Nikatafsiri. Koko akatazama sufuria yake, akauliza ni upande gani. Mzee akaonyesha. Koko akasema basi shetani ameshakaa kwetu miaka mingi na hajawahi kusaidia kodi. Sijui kwa nini hilo liliwafanya marafiki, lakini ndivyo.

Hadithi zake nilizipata vipande vipande, katikati ya vitenzi. Alizaliwa mji wa wavuvi kaskazini mwa Uskoti, baba yake akifanya kazi ya kukausha samaki kwa moshi, na wasichana wa shuleni walikuwa wanajua amefika kabla ya kumwona. Akatoroka na kundi la waigizaji waliokuwa wanapita miji na gari bovu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda mawigi. Halafu London, chuo cha uigizaji, na huko ndiko walikomwondolea herufi r.

Sitanii. Kwao r inaviringika ulimini. Mwalimu mmoja wa sauti alimwambia kwamba na r ile ataishia kuigiza walevi na masajini. Akawa anamwekea kizibo cha chupa kati ya meno, anamsomesha mashairi, mpaka r ikalala kabisa. Na kweli, ilipolala kazi zikaja. Hakuwa mfalme, lakini alikuwa rafiki wa mfalme, yule anayeingia na barua mbaya. Halafu televisheni: madaktari, mahakimu, wauaji wenye adabu. Alitangaza supu. Kwa miaka fulani sauti yake ilikuwa ndani ya lifti za maduka makubwa, ikiwaambia watu milango inafungwa, na mtoto wake mdogo alikuwa anaiitikia lifti "ndiyo, baba."

Kisha, uzeeni, mambo yakageuka. Sasa kila mtu alitaka Waskoti. Wanasikika wakweli, walisema. Wakampa kazi ya mvuvi mzee, na yeye akakuta lafudhi ya kwao haipo tena mdomoni. Ikabidi aletewe mwalimu, kijana Mwingereza kutoka Kent, kumfundisha kuzungumza kama baba yake.

"Ulifaulu?" nikamuuliza.

"Waliniambia sisikiki kama Mskoti," akasema. "Wakampa mtu wa Wales."

Halafu ikaja siku ya Kiswahili chenyewe. Nilimwambia aseme *habari*. Akasema kwa lafudhi ya Kiingereza, *habaaii*, r imeyeyuka. Nikamwambia hapana, itetemeshe. *Rafiki. Karibu. Rudi.* Akajaribu, akashindwa, akajaribu, na ghafla ikawaka kama pikipiki asubuhi ya baridi. Karrribu. Akasema tena. Koko kutoka kwenye jiko akasema, "Huyo sasa anasema sawa muntu," yaani kama mtu. Mzee alishika meza kwa mikono miwili akaanza kusoma kila neno la mswada lenye r, moja baada ya lingine, akicheka. Miaka yote aliambiwa r ile ni aibu, na kumbe kuna lugha nzima ilikuwa inamsubiri nayo.

Tatizo ni kwamba tangu siku ile alianza kuiweka kila mahali. Hakuna l iliyosalimika. Kalamu ikawa karamu. Aliniomba karamu aandike, nikamwambia Koko anapika, asubiri. Kulala kukawa kurara. Na ule mstari wa kwanza wa hotuba, ambao kwenye mswada ni "Bibi yangu, nimechoka, natafuta mahali pa kulala," yeye alitamka *mahari*.

Nilimrekebisha. Nilimrekebisha mpaka nikachoka, na jikoni alikuwa anaweza. Tatizo ni moyo ukimpanda. R nayo inapanda. Nilikwenda kwenye mazoezi Jumamosi moja, nikamweleza mwongozaji jambo hilo, na nikaongeza kwamba kwa watu wetu *bibi yangu* ni mke wangu, kwa hiyo mstari wote unasikika kama mwanaume amekuja kwa mkewe kuomba mahari. Mwongozaji alikuwa kijana mwenye ndevu nadhifu na soksi za rangi mbili. Alinisikiliza kwa upole wote. Akasema mtafsiri ni mtaalamu, na watazamaji wa Birmingham hawajui Kiswahili. Nani atajua?

Haikupita wiki akaja kuniuliza kama ninafahamu watu wa kujaza viti kwenye onyesho la majaribio, maana tiketi zilikuwa bado zimelala. Bure, alisema. Wengi kadiri ninavyoweza.

Nikamwambia ninafahamu watu.

Lilikuja kanisa letu zima, watu wa Bukavu watupu. Mchana wa Jumamosi, mvua ya kawaida, akina mama wamevaa vitenge vya Pasaka ingawa haikuwa Pasaka, wakajaza safu za mbele zote kwa sababu kwetu anayekaa nyuma ana jambo anaficha. Koko alikaa katikati kabisa. Alisema mtu aliyekula kwako haendi kazini peke yake. Mwongozaji alisimama pembeni karibu na kijana wa projekta, mikono kifuani, akiwa na furaha ya kuona viti vimejaa, maskini.

Sehemu ya kwanza ilipita kwa adabu. Ilikuwa kwa Kiingereza, na akina mama wawili walilala kidogo. Halafu jukwaa likabaki tupu, na mlango tu umesimama katikati. Mzee akaingia na koti lake refu. Nilikuwa nimemzoea akiwa na kijiko cha supu. Sikutegemea kwamba anaweza kuingia hivyo, amepinda kama mtu aliyetembea kutoka nchi nyingine. Watu waliolala wakaamka.

Akabisha. "Shikamoo, bibi."

"Anashika nini?" mama mmoja akanong'ona nyuma ya Koko, na mnong'ono wa kanisa letu unasikika hadi barabarani.

Mzee akaweka mkono kwenye mlango. Niliona moyo unampanda, nikajua.

"Bibi yangu, nimechoka. Natafuta mahari pa kurara."

Halafu safu zote za mbele zikaanguka. Sijawahi kuona watu wakicheka vile nje ya harusi. Mama mmoja alijifunika kilemba usoni. Na Koko, ambaye hakucheka, akasema kwa sauti yake ya kawaida ya jikoni:

"Mahari unauliza mwanamuke mwenyewe? Bazee bako biko wapi?"

Maisha yake yote mlango wa jukwaani haukuwahi kumjibu. Mzee aligeuza kichwa. Alimwona Koko, na kwa sekunde moja alikuwa jirani yetu tu, anataka kucheka. Kisha akageuka kwenye mlango kuendelea, na hakukuwa na kitu. Niliona maneno yalivyomtoka. Kidole gumba kikapanda kwenye kifungo cha koti, kikaanza kusugua.

Kicheko kikafa. Nilikuwa ninaujua mstari unaofuata, nilikuwa ninautafuna mdomoni, lakini nilikuwa mbali, safu ya sita. Pembeni, mwongozaji aliinua mkono taratibu kuelekea kwa kijana wa projekta. Na ukuta ukaanza kuwaka mweupe.

Sasa kwetu kuna jambo. Jumapili mtu anaposimama kutoa ushuhuda, akafika mahali sauti imekatika, labda ni kilio, labda amesahau, hatuachi asimame pale peke yake watu wakimkodolea. Mtu anaanza wimbo. Wimbo wowote. Wengine wanadaka, tunaimba polepole mpaka mwenye ushuhuda apate pumzi, halafu tunashusha sauti, anaendelea. Hakuna anayepanga. Ni kama kumsogezea mtu kiti.

Yule mama wa kilemba akaanza. Chini sana, bila kusimama. Wa pili akadaka, wa tatu, safu nzima, na sauti za chini zikatoka kwa akina baba waliokuwa ukutani. Mzee alibaki ameweka mkono kwenye mlango, mgongo kwetu. Mwongozaji akabaki na mkono wake hewani. Nadhani hakujua kama ni sehemu ya mchezo au ni maasi.

Wakashusha. Na Koko akamwambia vile anavyomwambia yeyote: "Endelea, papa. Ulisema umechoka. Umechoka na nini?"

Lilikuwa swali, na swali si hotuba. Swali lina mpini wa kushika. Niliona mgongo wake ukifikiri.

"Nimechoka kufa," mzee akasema.

Haikuwemo kwenye mswada. Humo l wala r hazikuhusika, maneno ya jikoni tu, safi.

"Eeeh," kanisa likaitikia.

"Umetoka wapi?" Koko akauliza.

"Mbali. Kwa baba. Kwa samaki." Akageuka nusu. "Niliondoka mtoto. Nimerudi mzee, na mdomo si wangu."

"Eeeh."

Na hapo hotuba ikaanza kumrudia, si kwa mpangilio, bali vipande, kila kipande kikija nyuma ya swali la Koko au nyuma ya *eeh* ya mtu. Ile sehemu ya hospitali ilikuja kabla ya ile ya mvua. Mstari wa mwisho ulikuja katikati, akausema tena mwishoni kwa usalama. R zikaviringika zinapotakiwa na zisipotakiwa, na hakuna aliyecheka tena, ila Koko aliporudia neno moja kwa l yake, na mzee akalitamka upya baada yake kama mwanafunzi, bila kutoka kwenye koti la daktari. Kijana wa projekta alizima mashine mwenyewe. Hakuambiwa.

Kisha, kama ilivyoandikwa, mlango haukufunguka na mzee akafa.

Makofi yalikuwa makubwa, lakini akina mama walitoka wamekasirika. Waligomba koridoni. Mwanamke gani huyo asiyefungua? Mtu ameeleza yote, amelia, ameomba mahari hata kama amekosea njia, na yeye ndani amekaa tu? Dada mmoja mwigizaji wa Kiingereza, aliyekuwa ameigiza nesi sehemu ya kwanza, alibanwa karibu na choo aeleze. Ikabidi nitafsiri. Alisema yeye angefungua, ila haikuandikwa.

Mwongozaji alikuwa ameketi kwenye ngazi za jukwaa. Nilidhani atanifukuza. Mzee alisimama mbele yake, koti mkononi, anangoja kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Hotuba inabaki," mwongozaji akasema. Halafu akanigeukia mimi. "Ila sasa siwezi kuiona bila yale maswali. Unaweza kumuuliza bibi yako kama angekubali kukaa nyuma ya mlango?"

"Bibi yangu simjui bado," nikamwambia. "Nitamuuliza koko."

Koko alisema atafikiria. Alifikiria mpaka kituo cha basi. Akakubali, ila kwa masharti: apewe kiti chenye mgongo, hita miguuni, na hatasoma karatasi. Mtu akija mlangoni kwako, alisema, husomi karatasi. Unamuuliza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa muda wote wa maonyesho. Koko nyuma ya mlango amevaa koti na soksi mbilimbili, mzee mbele, na kila siku maswali yalikuwa mengine. Siku moja alimuuliza mama yake alikufa lini. Siku nyingine alimuuliza kama bado anakoroga uji upande ule ule. Mzee alikuwa anarudi kwenye basi akilalamika kwamba anaonewa, kwamba katika kazi yake yote hajawahi kufanya kazi na mtu asiyejali mwandishi kiasi hiki. Analalamika hivi uso mzima unang'aa. Hotuba ilikuwa inatoka yote, siku moja ikianzia huku, siku moja kule, na akipotea anangoja tu, anajua atavutwa. Sikukiona tena kile kidole kikisugua.

Kisha ikafika Alhamisi ya wiki ya mwisho, onyesho la mchana, wazee wa chama fulani cha bustani wamejaa na makoti yao ya mvua. Mimi nilitoroka somo ambalo sitalitaja. Mzee akabisha, akasalimia, akaanza. Nyuma ya mlango Koko akauliza:

"Umekula?"

Mzee alikuwa amesimama tangu asubuhi. Akajibu kabla hajafikiri. "Bado."

Nikasikia kiti kikisogea. Kitasa kikazunguka, na mlango, ambao haujawahi kufunguka tangu mchezo uandikwe, ukafunguka wazi, Koko akiwa kizingitini na soksi zake, akimpungia aingie upesi baridi isimpate. Mzee akatazama jukwaa, akatazama watu wa bustani, akaingia. Koko akafunga mlango.

Kijana wa taa alisubiri. Hakuna aliyekufa, hapakuwa na kingine cha kufanya, akazima. Watu wakapiga makofi kwa nguvu, mama mzee mmoja Mwingereza mbele yangu akajifuta macho na tiketi.

Mwongozaji alikuja mbio kwenye safu yangu, gizani, anakanyaga miguu ya watu.

"Alimwambia nini?" akaninong'oneza. "Alisema nini mpaka akafungua?"

"Alisema hajala," nikamwambia.